Daftari la Makosa Lililofika Dubai

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata sijaiona ndege kwa karibu. Nilikaa kitandani Kitengela, mlango nimeufunga kwa komeo, nikairekebisha mikufu ya akina mama wa Kisaju ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Naanza na hilo kwa sababu nyote mnaoniuliza "Dubai ilikuwaje?" mnataka habari za majumba marefu na ngazi zinazotembea zenyewe, na mimi siwezi kuwafikisha kwenye ngazi hizo bila kuwapitisha kwenye kitanda kile.

Kwa wale mlionijua juzijuzi: mimi ni Barasa, mzaliwa wa Kitengela. Baba, Mluhya wa Bungoma, alikuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Athi River, akapanga nyumba ya chumba kimoja wakati Kitengela ilikuwa maduka machache na nyumbu walikuwa wakipita nyuma ya choo chetu. Maziwa tuliletewa na Mama Lemayian, jirani Mmasai wa upande wa Kisaju ambaye tangu utotoni namwita Yeiyo, yaani mama. Nikiwa darasa la sita, bangili yake ilikatika mlangoni petu na shanga zikatawanyika hadi chini ya kabati. Niliziokota zote, nikazitunga upya jinsi nilivyokumbuka. Hakuna aliyenifundisha. Nilitunga, nikafungua, nikatunga tena hadi uzi ukachakaa. Tangu siku hiyo sijaacha. Wenzangu walinicheka kwamba nafanya kazi ya wanawake, lakini kicheko hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia, "Imetosha, weka chini."

Mwaka wa safari hii ulikuwa wa kiangazi kibaya. Ng'ombe walikufa kando ya barabara ya Namanga hadi watu wakazoea kuziba pua. Kikundi cha akina mama cha Kisaju, ambacho Yeiyo ndiye mwenyekiti wake, kilibaki na shanga tu. Kazi yao ilikuwa ikinunuliwa na madalali wa Nairobi, na ikishafika Nairobi haikuwa tena ya mtu yeyote. Ndipo ikaja barua ya Kiingereza kutoka Dubai, kutoka kwa mfanyabiashara aliyejitia saini "Z. S." Alisema amechoka kuuziwa vitu anavyoambiwa vimetoka Kajiado. Kungekuwa na maonyesho ya bidhaa za nchi nyingi. Waliotunga wenyewe waje, aandike oda mbele yao akiridhika.

Angelipia nauli ya watu wawili: Yeiyo, na mtu wa kuongea Kiingereza. Kwenye mkutano Mama Noolarami, fundi kuliko wote pale Kisaju na mkali kuliko wote, alisimama.

"Kwani hakuna Mmasai anajua Kizungu? Tunatuma Mluhya akatuuze?"

Yeiyo hakuinuka hata. "Huyu amekunywa maziwa yangu miaka kumi na tano. Hiyo tumbo ni ya Kimasai. Miguu ndiyo ya Bungoma."

Walicheka, nikapita. Lakini Mama Noolarami hakucheka, na mimi niliondoka pale nimeapa kwamba hatapata hata uzi mmoja wa kunilaumu.

Loitokitok, juu ya nyanya

Habari za pasipoti na viza naziruka, zinachosha hata mimi niliyezipitia. Safari halisi ilianza kwa kukusanya mali. Baadhi ya wanachama walikuwa wameolewa mbali, kwa hiyo tulianza Loitokitok ili turudi tukikaribia nyumbani.

Tulikaa Loitokitok siku moja na nusu zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu pikapu iliyokuwa itubebe ilikuwa inasubiri nyanya, na nyanya zilikuwa zinasubiri mtu wa kuzichuma, na mtu huyo alikuwa kwenye ubatizo. Yeiyo alikunywa chai katika kila boma lililomkaribisha. Mimi nilikaa juu ya kreti nikiikagua mikufu tuliyopewa: ile mipana ya shingo, ya duara kama sahani, iliyopangwa mstari kwa mstari juu ya waya.

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Mstari wa nyekundu ulikuwa unatembea vizuri, kisha ghafla shanga mbili za bluu, kisha nyekundu inaendelea. Upande wa pili wa mkufu, mahali palepale, hapakuwa na bluu. Nikaandika. Mkufu mwingine ulikuwa na nyeupe tatu ndani ya machungwa, bila jozi yake. Nikaandika. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika MAKOSA kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini kwa rula. Ndiyo, nilisafiri na rula.

Mashuuru tuliongeza mikufu sita, na Kisaju mingine. Yote ikawa ishirini na minne. Mama Noolarami alinikabidhi wake wa mwisho, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Huu ulikula miezi miwili," akasema.

Niliuangalia njiani. Mstari wa tano: shanga mbili za bluu zimeingia ndani ya nyekundu. Niliandika jina lake, namba ya mstari, kisha nikaongeza maneno ambayo leo natamani nisingeyajua: "Haraka au macho mabovu."

Kitengela, kitandani

Mikufu ililala kwetu kwa wiki tatu, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa karibu na barabara. Nilimwambia Yeiyo nitaifuta vumbi.

Nilichofanya ni hiki. Kila jioni nikitoka kazini nilichukua mkufu mmoja au miwili, nikauchora kwanza kwenye daftari kwa penseli za rangi, mstari kwa mstari, na jina la aliyeutunga. Kisha nilifungua mistari yenye "makosa", nikaitunga upya. Bluu zilizopotea nilizitoa. Kama kulia kuna nyeupe nne, kushoto nikaweka nne. Nilikuwa na mpango wa kurudi na daftari hilo baada ya safari na kuwafundisha, kwa upole, jinsi ya kuepuka makosa hayo. Nilikuwa hata nimeandika jinsi nitakavyoanza: "Mama zangu, sote tunajifunza."

Nilipomaliza wa ishirini na nne niliipanga yote kitandani, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Ilikuwa sawasawa. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kitanda kile. Nakiri, nililia kidogo.

Uwanja wa ndege

Yeiyo alifika amevaa nguo zake zote za heshima, shuka mbili, na pete za shaba za masikioni zinazoning'inia hadi mabegani. Mashine ya ukaguzi ikalia. Akarudi, akapita tena, ikalia.

"Mama, toa hizo za masikio," kijana wa ukaguzi akamwambia.

"Mzee yangu amekufa?"

"Sijui, mama."

"Basi mimi najua. Yuko Kisaju anakunywa uji. Mwanamke hatoi hizi kama bwana ako hai."

Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Mimi, niliyekuwa nimefika saa tano kabla ya wakati ili kusiwe na tatizo lolote, nikamsogelea. Nilimwomba azitoe dakika moja tu, hakuna atakayemwambia mzee.

"Nani alisema mzee ndiye naogopa?" akaniuliza. "Nikizitoa, mimi si nitajua?"

Mwishowe aliitwa afisa mwanamke, mtu mzima, ambaye alimpeleka pembeni, akampapasa, akarudi naye wanacheka. Alikuwa ametoka Bisil, huko mbele ya Kajiado. Yeiyo alipita na pete zake akiwa amenyoosha shingo. Mimi nilisimamishwa tena kwa sababu ya rula, ambayo ilikuwa ya chuma. Rula ilibaki Nairobi.

Saa tisa katika nchi isiyo yetu

Tulibadilisha ndege kwenye mji ambao sikuuona, kwa sababu tulikaa ndani ya uwanja saa tisa badala ya mbili. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Nilikwenda kuangalia ubao wa safari kila baada ya dakika kumi. Yeiyo alitandika shuka chini, akalala, akaamka, akakuta akina mama watatu Wahabeshi wameketi karibu. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Nilipotoka kwenye ubao kwa mara ya ishirini, walikuwa wameshikana masikio na shingo wakilinganisha mapambo, na Yeiyo alikuwa amepewa mkate laini wa kuviringishwa, mchachu, uliojaa dengu.

"Kula," akaniambia. "Ndege haijui kama unaiangalia."

Nilikula. Pilipili ilinitoa machozi, wale akina mama wakacheka, mmoja akanifuta uso kwa mtandio wake kana kwamba ni mwanawe.

Deira

Tulipanga chumba Deira, upande wa zamani wa mji, kwenye uchochoro wa maduka ya vitambaa, viungo na masufuria. Nilikuwa nimejifunza salamu za Kiarabu kwenye kijitabu na kuzirudia miezi miwili. Mwenye chumba alikuwa Mpakistani, muuza chai alikuwa wa Kerala, kinyozi alikuwa Mwirani. Salamu zangu nilirudi nazo nyumbani karibu mpya.

Asubuhi ya kwanza Yeiyo aligoma kula chochote hadi apate chai ya kweli. Yule wa Kerala alimpa kikombe kidogo cha chai iliyochemka pamoja na maziwa na iliki hadi ikawa rangi ya udongo mwekundu. Yeiyo alionja, akafumba macho, akagonga meza.

"Hawa watu wako na ng'ombe," akasema. Kuanzia hapo kila asubuhi alipewa kikombe cha pili bila kuomba.

Mji ule una swali moja: unatoka wapi? Dereva anauliza, muuza chai anauliza, mtu mnayesimama naye kwenye kivuko anauliza. Mtu wa Kerala alituuliza, na nilipomwambia Kenya, aliangalia shuka ya Yeiyo, kisha akaniangalia mimi.

"Masai?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hilo ni kosa la pili na nalikiri pia. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza Bungoma, kiwanda cha saruji na bangili chini ya kabati. Na niwe mkweli zaidi: nilipenda jinsi alivyofurahi.

Yeiyo aliniangalia juu ya kikombe. "Eeh! Tumepata Mmasai mpya. Haya, nitajie rangi tano za ng'ombe kwa Kimasai."

Nilijua mbili.

"Rangi mbili ni za mbuzi," akasema. "Na si mbuzi mzima."

Ukumbini

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa mkubwa kuliko soko lote la Kitengela, na baridi yake ilikuwa ya Limuru. Tulipewa meza kati ya mazulia na manukato. Nilipanga ile mikufu kwa urefu na upana hadi hakuna uliozidi mwingine hata unywele. Z. S. alikuwa ametuma habari kwamba angekuja Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Yeiyo alikuwa bado hajaiangalia mikufu kwa karibu tangu Kisaju, aliniamini.

Karibu na saa sita mlinzi mmoja mrefu wa ukumbi, mwenye sare ya bluu, alisimama mbele ya meza yetu. Alimwangalia Yeiyo muda mrefu. Kisha akavua kofia, akapiga hatua, akainamisha kichwa mbele yake kama mtoto wa Kimasai anavyomfanyia mkubwa. Yeiyo, bila kushangaa, aliweka kiganja juu ya kichwa kile.

"Takwenya," kijana akamsalimu.

"Iko," Yeiyo akaitikia. "Wewe ni wa wapi?"

"Loitokitok, yeiyo. Mimi ni Parsaloi." Alikuwa na miaka miwili hajaguswa kichwa na mtu.

Waliongea Kimasai hadi nikapotea njia. Kisha Parsaloi akaniuliza kwa Kiswahili, "Boss, mko na kitu ya Loitokitok hapo?"

Nilimkabidhi mmoja kwa mikono miwili, kifua mbele. Aliugeuza mkufu. Akaugeuza tena. Akachukua mwingine.

"Yeiyo," akasema kwa adabu, "hizi mmenunua huku? Hizi si za China?"

Nilidhani ametania. Hakuwa ametania. Alituonyesha kwa kidole upande wa pili wa ukumbi, ambako kulikuwa na meza imejaa mikufu ya Kimasai ya kiwandani, mamia, mistari imenyooka, kulia na kushoto sawasawa. Kutoka pale tulipokuwa, haikuwa na tofauti yoyote na yangu.

Yeiyo alichukua mkufu wa Mama Noolarami. Aliupitisha kwenye vidole polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayemtafuta kupe kwenye sikio la ndama. Kisha mwingine, na mwingine. Nilisimama pale nikitamani ukumbi uzime taa.

"Mikato iko wapi?" akauliza.

"Mikato gani, Yeiyo?"

"Bluu ya huyu. Nyeupe ya yule wa Mashuuru. Nani alitoa?"

Ningeweza kusema zilitoka njiani. Nilifikiria kusema hivyo, nikatafuta hata maneno. Kisha nikasema, "Ni mimi. Nilidhani ni makosa."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikunja mkufu ule ndani ya shuka yake.

"Umewahi kuona ng'ombe amepakwa rangi na rula?" akaniuliza. "Rangi ikitembea sana bila kukatwa, macho yanalala. Unaikata ili iamke. Na kila mtu anakata mahali pake. Mimi nikiona mkato, najua ni nani ameketi hapo akatunga. Sasa naona hapa mikufu ishirini na nne na hakuna mtu."

Parsaloi aliangalia viatu vyake.

"Alhamisi yule mtu anakuja kutafuta kitu haijatoka kwa mashine," Yeiyo akasema. "Utamwambia nini kwa hiyo Kizungu yako?"

Siku tatu za kurudisha

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa, na kilikuwa kinaniaibisha kuliko kosa lenyewe. Nilifungua begi, nikatoa daftari.

Kila mkato niliouondoa ulikuwa mle: jina, mstari, rangi, idadi ya shanga, mchoro. Nilikuwa nimeyaandika makosa yao kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba hakuna lililopotea. Shanga nazo zilikuwemo, kwenye vibahasha vyenye majina, kwa sababu mimi si mtu wa kutupa.

Yeiyo hasomi, na macho yangu yalihitajika kwenye sindano. Kwa hiyo msomaji akawa Parsaloi, kila alipopata mapumziko. Alisimama karibu na meza na sare yake, akasoma kama mhubiri.

"Mama Noolarami. Mstari wa tano. Shanga mbili za bluu ndani ya nyekundu." Akalisogeza daftari karibu na macho. "Hapa imeandikwa kitu ingine."

"Soma," Yeiyo akaamuru.

"Sisomi, yeiyo."

"Soma!"

"'Haraka au macho mabovu.'"

Yeiyo aliweka sindano chini. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichomshika hadi akajifunika uso kwa shuka. "Nitafika nyumbani," akasema akihema. "Enkai anisaidie nifike, huyo mama nimwambie."

Tulifungua na kutunga Jumatatu hiyo, Jumanne na Jumatano, tangu ukumbi unapofunguliwa hadi unapofungwa. Msichana Mfilipino wa meza ya manukato, alipoona vidole vyangu vimetoboka, alileta plasta, kisha akavuta kiti na kuanza kutuwekea uzi kwenye sindano. Watu walisimama kutazama. Muuza mazulia aliuliza kwa ishara kwa nini tunabomoa mali nzuri. Yeiyo alimjibu kwa Kimasai, kwa kirefu, na yule mzee akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Akaenda, akageuza kona ya zulia lake, akatuonyesha mahali ambapo aliyelifuma alikuwa amebadilisha ua moja tu kati ya yote. Yeiyo alilipapasa, akaniangalia.

Jumatano jioni mikufu kumi na tisa ilikuwa imerudi. Mitano ilibaki ya kwangu. Niliificha ndani ya sanduku chini ya meza.

Alhamisi

Nilivaa tai. Nilikuwa na hotuba ya Kiingereza ya dakika nne niliyoihifadhi moyoni, inayoanza na maneno ya kumheshimu bwana Z. S.

Akaja mwanamke wa makamo mwenye buibui jeusi na miwani ya kusomea juu ya kichwa. Nilisimama, nikafungua mdomo.

"Hodi wenyewe," akasema. "Mimi ndiye Zuwena. Mmesafiri salama? Mbona mwembamba hivi, mwanangu, hawakulishi?"

Kiswahili chake kilikuwa safi, kimenyooka, kila neno limekaa mahali pake. Hotuba yangu ilikufa hapohapo. Bi Zuwena alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa mtoto. Yeiyo aliangua furaha.

"Kumbe wewe ni mtu ya nyumbani! Na huyu kijana alikuwa anaogopa mpaka anaota Kizungu."

Walikaa. Bi Zuwena aliteremsha miwani, akauchukua mkufu wa Mama Noolarami. Kidole chake kilitembea juu ya nyekundu, kikafika kwenye mstari wa tano, kikasimama. Alitabasamu. Akachukua mwingine, akautafuta mkato, akauona. Alikuwa anajua anachotafuta. Nikaanza kutumaini.

Kisha mguu wake ukagusa sanduku chini ya meza. "Na hii?"

Aliutoa mmoja wa ile mitano, akauweka kando ya ule wa Mama Noolarami. Uso wake ulibadilika.

"Huu ndio niliokuwa nikiuziwa," akasema taratibu. "Bi mkubwa, nanyi pia? Nimesema nataka kazi ya mikono."

Yeiyo alianza kueleza. Niliona kwamba alikuwa anatafuta namna ya kunifunika, na kwamba akinifunika mimi, kikundi chote kingeonekana kina jambo la kuficha. Akina mama wale walikuwa wamebaki na shanga tu.

"Ni wa mikono," nikasema. "Mikono yangu. Wao walitunga, mimi nikaharibu nikidhani natengeneza. Mitano hii hatukuwahi kuirudisha." Nikampa daftari, lenye neno lile juu ya ukurasa wa kwanza.

Alilisoma lote, bila haraka, akilinganisha kila mchoro na mkufu wake. Nilisimama. Tai ilikuwa inanikaba.

"Wewe ni Mmasai?" akauliza mwishowe, bila kuinua macho.

"Hapana. Wazazi wangu ni wa Bungoma. Lakini nimezaliwa..." Nilianza ule mzunguko wangu wa siku zote, nikakwama katikati.

"Huyu ni wa Kitengela," Yeiyo akasema, kama mtu anayefunga lango la boma.

Bi Zuwena akacheka kidogo. "Unazunguka bure, mwanangu. Mimi hapa naitwa Mzanzibari. Nikienda Unguja naitwa Mwarabu. Nilijieleza hadi nikachoka. Siku hizi nasema mimi ni wa Deira, asiyeridhika na aondoke." Akagonga daftari kwa kidole. "Haya. Nataka mikufu, na nataka hii nayo. Kila mkufu uje na karatasi yake: jina la aliyetunga, na mahali alipokata. Wateja wangu waone kuna mtu. Lakini neno hili la juu sitaki kuliona."

Aliandika oda palepale, kubwa kuliko tulivyothubutu kuomba. Yeiyo aliinuka, akamshika Bi Zuwena mkono, na kabla sijaweza kusema lolote, akatema mate kidogo kwenye kiganja kile kumbariki.

Nilianza kusema, "Samahani, ni mila, kwetu..."

Bi Zuwena alikuwa amefumba kiganja. Macho yake yalikuwa na maji. "Bibi yangu alikuwa akinisomea dua na kunitemea mate kichwani nikiumwa," akasema. "Tangu afe hakuna aliyenifanyia."

Parsaloi, aliyekuwa amesimama mbali akijifanya analinda, alifuta macho kwa kofia yake, akaivaa nyuma mbele.

Kisaju tena

Mkutano ulifanywa siku ya pili baada ya kurudi. Yeiyo alisimulia ndege, chai na ngazi zinazotembea. Kisha akaniachia mimi sehemu yangu. Nilisimama na daftari, nikawaambia yote: kitanda, rula, jina nililoipa mikato yao. Hotuba ya "Mama zangu, sote tunajifunza" nilikuwa nimeichana.

"Soma yangu," Mama Noolarami akasema.

Nilisoma hadi mwisho.

"Macho mabovu?" Alisimama. "Mimi? Mimi naona punda wa Isinya nikiwa nimekaa hapa!" Wenzake walikuwa wanashikana wasianguke kwa kicheko. Alisubiri wakanyamaza, kisha akanitupia waya na kopo la shanga. "Haya, kaa hapa. Tunga. Na ukate mahali pako, si pangu."

Nilikaa kati yao siku nzima. Mkato wa kwanza aliuangalia akasema, "Huu unaogopa." Nikafungua. Wa pili akasema, "Huu umeiba, huu ni wa Mama Lemayian." Nikafungua. Jua lilikuwa limeinama upande wa Ngong nilipoweka kijani moja tu ndani ya nyeupe, mahali ambapo mkono wangu ulitaka, bila kuhesabu upande wa pili. Mama Noolarami aliuchukua, akaupitisha kwenye vidole mstari kwa mstari.

"Imetosha," akasema. "Weka chini."

Siku hizi mikufu ya Kisaju inaondoka na majina ya walioitunga, na mojawapo ya majina hayo ni langu. Bado nina wasiwasi, bado nafungua kazi yangu mara mbili tatu, lakini sifungui kazi ya mtu mwingine kabla ya kumuuliza. Na mtu akiniuliza natoka wapi, nasema Kitengela, na sentensi inaishia hapo.